Jibu la Swali la Sitini

Mama aliivuta kadi karibu na taa, akaisoma kwa midomo bila sauti, kisha akanitazama.

"Mwalimu, ile jibu nitaisema mbele ya muzungu?"

"Ndiyo, mama. Ndilo jibu lenyewe."

"Na hatakasirika?"

Ilikuwa kadi ya swali la 60. Waliopitia mtihani wa uraia wa Marekani wanalijua: ni watu gani walioletwa Marekani na kuuzwa kama watumwa? Jibu ni neno moja. Waafrika.

Nilicheka. Nikamwambia serikali ndiyo iliyotunga swali na ndiyo iliyochapa jibu, sasa huyo afisa akasirikie nini? Mama hakucheka. Aliilaza kadi kifudifudi mezani, akasema tuendelee na maseneta.

Wiki zimepita tangu jioni ile, na swali lake limenikwama kooni kama mwiba wa perege. Ukimeza halishuki, ukikohoa halitoki.

## Vibao

Nieleze kidogo. Mama ni Mkongo wa Uvira, jirani yangu hapa Louisville, Kentucky. Mimi ni mtoto wa Dar, nafanya kazi za usiku kwenye ghala la vifurushi, na Jumamosi nikishaamka nakwenda kwake kumsaidia na kadi. Yeye ana bahati, aliwahi kuwasilisha fomu. Mtihani wake ni ule wa maswali 100, afisa anauliza hadi 10, ukipata sita umepita. Walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanakariri maswali 128, wanaulizwa hadi 20, na wanatakiwa wapate 12. Malipo yangu ni sombe na samaki. Sijawahi kulalamika.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikijiona nimejibu vizuri. Kitandani ndipo nikaanza kusita.

Maana Machi 2025 rais wa nchi hii, Donald Trump, alitia saini amri aliyoipa jina la kurudisha ukweli na akili timamu katika historia ya Marekani. Makumbusho ya taifa yakaguliwe. Kwenye hifadhi na maeneo ya kihistoria yanayosimamiwa na serikali, maelezo yanayowashusha hadhi Wamarekani isivyostahili, waliopo na waliotangulia, yaangaliwe upya. Kiangazi kile vikasimikwa vibao kwenye maeneo hayo: mgeni ukiona maandishi yanayowasema vibaya Wamarekani, elekeza simu yako kwenye msimbo huu utoe taarifa.

Kwa hiyo Mama hakuwa mjinga. Mjinga nilikuwa mimi niliyecheka. Serikali ileile inayosema bila kulijua swali la 60 hupati uraia imesimika kibao cha kuchongea wanaoliandika ukutani. Mtu aliyekulia Uvira, akaona tawala zikija na kuondoka, ameshajifunza kunusa serikali inapokuuliza swali ambalo jibu lake inalijua.

Lakini nisiwe mwepesi. Binti yangu alipokuwa darasa la nne alirudi shuleni siku moja, akaweka begi chini, akauliza, "Baba, nchi yetu ni mbaya?" Walikuwa wamesoma habari za Wahindi Wekundu kufukuzwa kwenye ardhi zao. Nilibaki nimeshika sufuria. Ningesema ndiyo, ningemwacha mtoto wa miaka tisa bila pa kusimama. Ningesema hapana, ningekuwa mwongo. Nilimwambia akanawe mikono.

Wazazi wanaoiunga mkono amri ile, baadhi yao nafanya nao kazi, wengi wao wanaongea kuhusu hilo begi lililowekwa chini. Nawaelewa kuliko ninavyopenda kukiri.

## Mtoto wa Grand Avenue

Ukikaa Louisville huwezi kuongea uzalendo bila kumtaja Muhammad Ali, yule bondia. Alizaliwa hapa 1942, akakulia Grand Avenue, upande wa magharibi wa jiji, walikobanwa weusi. Uwanja wa ndege una jina lake tangu 2019. Barabara kubwa ya katikati ya mji ina jina lake tangu 1978. Alikozikwa, makaburi ya Cave Hill, watu huja na maua kila siku.

Mwaka 1966 Seneti ya jimbo hilihili ilipitisha azimio la kumlaani, kwamba anawaaibisha watu wa Kentucky walio waaminifu kwa nchi yao. Tarehe 28 Aprili 1967, Houston, jina lake liliitwa apige hatua moja mbele aingie jeshini kwenda Vietnam. Hakupiga. Alinyang'anywa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano na faini ya dola 10,000, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupanda ulingoni. Mahakama Kuu ya Marekani ilimfutia hatia 1971, majaji wanane kwa sifuri.

Haya mnayajua. Sehemu ninayoipenda mimi ni ile ya Dar.

Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali Afrika kuwashawishi viongozi wasusie Olimpiki ya Moscow, kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Kituo cha kwanza Tanzania. Hebu fikiria: mtu aliyekataa kuipigania Marekani vitani, sasa ndiye balozi wake. Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Mwanamasumbwi kutumwa kwa rais aliona ni dharau. Waandishi wa habari wa Dar wakamweka Ali kati: mwaka 1976 nchi za Afrika zilisusia Montreal kwa ajili ya Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Ali hakuwa anajua. Na badala ya kujikanyagakanyaga kama mwanasiasa, akakiri kwamba huenda anatumiwa vibaya.

Yuko ugenini, kavaa suti ya serikali, anaikosoa safari aliyotumwa akiwa bado safarini.

Marehemu baba, shabiki wake wa kufa, alikuwa akiisimulia habari hiyo kwa uchungu kidogo. Alitaka Ali apokelewe kwa ngoma. Kenya ilisusia Moscow. Tanzania ilikwenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha shingoni, medali za kwanza za nchi yetu. Baba alikuwa akimalizia hapo, kisha ananyamaza.

Nilikuwepo barabarani tarehe 10 Juni 2016 msafara wa jeneza lake ulipopita. Watu walirusha maua juu ya gari hadi dereva akawa anaona kwa shida. Wazungu wazee walilia. Kazini, msimamizi wetu alibandika picha yake ukutani.

Agosti mwaka uleule, Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alibaki ameketi wimbo wa taifa ulipopigwa. Halafu akashauriana na Nate Boyer, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa kikosi maalumu, akaacha kuketi na kuanza kupiga goti, kwa kuwa askari hupiga goti kwenye kaburi la mwenzao. Msimamizi yuleyule alisema kijana yule afukuzwe nchini. Picha ya Ali ilikuwa nyuma ya kichwa chake.

Sikusema kitu. Nilikuwa nimeapishwa uraia miaka miwili tu kabla.

Nimefika mahali nadhani nchi hii humpenda mkosoaji wake sauti ikishamkauka. Ali aliwasha mwenge wa Atlanta 1996 mkono ukimtetemeka kwa maradhi, uwanja mzima ukasimama. Wangapi kati ya wale wangesimama 1967?

## Kuzaa na kuapa

Neno letu mzalendo, ukilisikiliza, lina kuzaa ndani yake. Mzalendo ni mwenye kitovu mahali. Kwa hesabu hiyo mimi huku siwezi kuwa mzalendo hata nikivaa bendera kama kanga.

Kwa karatasi, Marekani haitambui hesabu hiyo. Unainua mkono, unakana utii kwa kila mfalme na dola ya kigeni, unatoka raia kamili. Kwangu kukana huko hakukuwa maneno ya kusindikiza tu, kwa sababu Tanzania haina uraia pacha. Pasipoti yangu ya kijani ilikufa siku hiyo. Nilitoka ukumbini na kibendera cha mkononi na bahasha, nikakaa kwenye gari nusu saa kabla ya kuwasha.

Ila kwa mdomo, hesabu ya kitovu ipo palepale. Mwaka jana nililalamikia kazini namna zamu zinavyogawanywa. Mwenzangu, si mtu mbaya, huwa tunagawana tambi, akasema bila hasira, "Kama hupapendi si urudi kwenu?" Kwa swali la ratiba ya zamu!

Julai 2019 Rais Trump aliandika kwamba wabunge fulani wanawake warudi kurekebisha nchi walikotoka. Walikuwa wanne. Watatu wamezaliwa Marekani. Wa nne, Ilhan Omar, alizaliwa Mogadishu, na utotoni aliishi miaka kadhaa kambi ya Utange, hapo kando ya Mombasa. Baraza la Wawakilishi lililaani maneno yale kwa kura 240 dhidi ya 187.

Nilichogundua baadaye ni hiki. Kaulimbiu ya Trump mwenyewe, ya kuifanya Marekani kuu tena, ni lawama. Huwezi kukirudisha kitu kwenye ukuu wake bila kusema kimeupoteza. Alipoapishwa 2017 aliichora nchi kwa viwanda vilivyoota kutu vikitawanyika kama mawe ya makaburi. Mimi ningeyasema hayo kantini ningeambiwa nipande ndege. Yeye hakuna aliyemwambia arudi Ujerumani kwa babu yake.

Kwa hiyo wote wanaikosoa. Ugomvi ni nani ana ruhusa.

Tuna methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huwa tunaisema kwa utani, kumfukuza mgeni mvivu. Lakini aliyeshika jembe si anaruhusiwa kusema shamba lina magugu? Methali haisemi. Nimeipekua pande zote, haisemi.

## Bendera ya Mama

Julai iliyopita Mama alinunua bendera. Si kibendera, bendera, na mti wake, akaifunga kwenye nguzo ya baraza. Iliniudhi. Sitaki kusema uongo, iliniudhi sana, na siku ile nilikuwa sijalala vizuri.

Nikaanza kumhutubia. Kwamba watumwa waliuzwa katikati ya jiji hili, si mbali na tunakonunulia mchele. Kwamba Kentucky ilichelewa hadi mwaka 1976 kuidhinisha rasmi badiliko la katiba lililopiga marufuku utumwa, badiliko la 1865. Mia moja na kumi na moja, mama, miaka mia moja na kumi na moja! Kwamba mwaka 2020 Breonna Taylor aliuawa na polisi usiku, ndani ya nyumba yake, katika jiji hilihili.

Mama alinimiminia chai. Aliniacha nimalize.

"Mwalimu, Nyarugusu unaijua?"

Nikasema naijua. Nilimaanisha nalijua jina. Kambi ya wakimbizi, Kasulu, Kigoma. Sijafika.

"Nilikaa miaka kumi na saba. Kwenu. Wanne wangu walizaliwa mule. Kutoka nje ya kambi ni mpaka kibali. Miaka kumi na saba, mwalimu, hakuna hata mtu aliniuliza swali moja."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa ni maswali gani anayosema. Haya ya kwenye kadi. Hakuna aliyewahi kumketisha na kumwambia: jifunze haya mia moja, ukijua sita kati ya kumi, uwe wetu.

Watoto wake wanne wana lafudhi ya Kigoma. Mmoja ni shabiki wa Yanga hadi leo. Hawakuwahi kuwa Watanzania.

Chai ilipoa.

Nimeandika hapa miaka sita kuhusu unafiki wa Marekani. Mnaweza kuhesabu. Kuhusu Nyarugusu sijaandika hata mstari, na niliishi Tanzania miaka ishirini na minane kambi ile ikiwepo kwa miaka mingi kati ya hiyo. Usiku huo nilijiuliza jambo ambalo mwenzangu wa tambi hakuniuliza lakini angeweza: hivi naikosoa Marekani kwa sababu ni yangu, au kwa sababu si yangu? Kuna lawama ya mwenye nyumba, anayeona paa linavuja na kujua ngazi ni yeye atakayeipanda. Na kuna lawama ya mpangaji anayehama mwisho wa mwezi. Maneno yanaweza kuwa yaleyale kabisa.

Sikupata jibu zuri. Nadhani nimekuwa mpangaji zaidi ya nilivyodhani.

Nilikumbuka jinsi mwandishi wa habari Nikole Hannah-Jones alivyoanza insha yake ya 2019, ile ya mradi wa gazeti la New York Times kuhusu mwaka 1619, Waafrika wa kwanza walipofikishwa Virginia kuuzwa. Alianza na bendera ya baba yake. Mzee alizaliwa Mississippi kwenye familia ya wakulima masikini, akaingia jeshini, nchi haikumlipa alichotarajia, na bado mbele ya nyumba yao Iowa alipeperusha bendera. Ikichakaa kidogo tu anaweka mpya. Binti aliona haya. Hakuelewa mtu anawezaje kuiheshimu nchi iliyomkataa. Alichelewa kuelewa kwamba mzee alikuwa anadai chake.

Insha ile ilizua vita. Wanahistoria wakubwa, Gordon Wood na James McPherson wakiwemo, waliandika kupinga madai yake kuhusu sababu za mapinduzi ya 1776, na gazeti likarekebisha sentensi moja isomeke kwamba baadhi tu ya walowezi walikuwa na nia ya kuulinda utumwa. Wanahistoria walikuwa na haki, nadhani. Trump naye akaunda tume ya 1776 kuujibu mradi huo, ikatoa ripoti Januari 2021, Biden akaivunja siku mbili baadaye. Ripoti, tume, amri. Katika kelele zote hizo sikusikia mtu akirudi kumuuliza mzee wa bendera.

## Tarehe tano

Jumamosi moja tulifika kadi namba 55. Taja njia mbili ambazo Wamarekani hushiriki katika demokrasia yao. Majibu yanayokubalika ni kadhaa: kupiga kura, kujiunga na chama, kugombea, kuandikia gazeti. Na hili: kuunga mkono au kupinga hadharani jambo au sera.

Mama aliliweka kidole. "Kupinga? Na hiyo ni jibu?"

"Ni jibu, mama."

"Wanakupa alama?"

"Wanakupa alama."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa bei ambayo haiamini.

Nikamsimulia habari ya Frederick Douglass, ambayo haimo kwenye kadi. Mtumwa aliyetoroka, msemaji ambaye hakuna mfano. Mwaka 1852 akina mama wa chama cha kupinga utumwa wa Rochester, New York, walimwalika azungumze sikukuu ya uhuru. Akakubali, ila akazungumza tarehe tano Julai, si ya nne. Akawaambia sikukuu hii ni yenu, si yangu. Ninyi mshangilie, mimi niomboleze. Alisema makali ambayo leo yangeripotiwa kwenye kibao siku hiyohiyo. Na katikati ya makali hayo akaisifu katiba yao kuwa hati ya uhuru, akasema hajaikatia tamaa nchi.

Mimi siku zote nilikuwa nashika yale makali. Safari hii, nikimsimulia Mama kwa Kiswahili, nilijikwaa kwenye maneno ya mwanzo kabisa. Aliwaitaje wasikilizaji wake? Aliwaita wananchi wenzangu. Miaka mitano baadaye, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ilitamka kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa Marekani. Yeye alishawaita wananchi wenzake, hakungoja kuruhusiwa.

Mama aliuliza kama walimpiga. Nikasema hapana, walimpigia makofi, na hotuba ikachapwa.

"Sawa," akasema. "Kadi nyingine."

## Jumanne

Usaili wake ulikuwa Jumanne iliyopita. Nilimsubiri kwenye maegesho, injini inawaka kwa baridi. Alitoka na kilemba chake cha manjano, hatembei haraka wala polepole, nikashindwa kusoma. Alipofunga mlango wa gari ndipo akasema, "Sita kwa sita. Alinyamaza mwenyewe."

Nilipiga honi. Mlinzi akatuangalia.

"Lile la sitini liliulizwa?"

"Iliulizwa."

"Ukasemaje?"

"Nilimwambia, watu wa Afrika. Kama mimi."

"Akafanyaje?"

"Aliandika tu. Hata macho hakuinua."

Nikamuuliza kama tupitie mahali tununue keki. Akasema keki baadaye, kwanza kalamu. Taa ya kituo cha basi karibu na kwao imezimika tangu Novemba, binti yake hushuka pale saa tano usiku akitoka kazini, na yeye ameshasema kwa mdomo mara tatu. Anataka barua kwa mjumbe wetu wa baraza la jiji. Kwa Kiingereza cha maana, si cha ghala.

Nilitoa daftari kwenye dashibodi.

"Andika hivi," akasema. "Mimi, raia wa Marekani, ninakaa barabara ile..."

"Bado hujaapa, mama. Kiapo ni mwezi ujao."

Alifunga mkanda, akaweka mkoba magotini.

"Andika. Wanachelewa kusoma."